Chamberlain: Mwuza skrubu aliyeusafisha mji wa Birmingham

MNAMO Desemba 1902, manowari ya Uingereza kwa jina Good Hope ilitia nanga Mombasa ikiwa njiani kuelekea Afrika Kusini. Miongoni mwa abiria wake alikuwa mzee wa miaka 66, mwembamba, aliyenyoa ndevu zake zote wakati ambapo wanasiasa wenzake wengi walizifuga, mwenye kioo kimoja kwenye jicho na ua la okidi kwenye koti. Huyo ndiye Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza. Alipanda gari la moshi la Reli ya Uganda, ambayo ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwaka mmoja tu uliotangulia, akaenda bara na kuzitazama nyanda za juu kwa macho yake.

Miezi michache baadaye, mnamo Aprili 1903, alimdokezea Theodor Herzl, kiongozi wa vuguvugu la Wayahudi waliokuwa wakitafuta makao, kwamba nchi aliyoiona kandokando ya reli hiyo ingewafaa. Kutokana na mazungumzo hayo, serikali ya Uingereza ilitoa pendekezo rasmi mnamo Agosti mwaka huo, na macho yakaelekezwa kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa. Wayahudi wenyewe walilikataa pendekezo hilo katika kongamano lao la 1905, na jambo likaishia hapo.

Wakenya wengi waliosoma historia humkumbuka Chamberlain kwa kisa hicho, ama kwa Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902. Hata hivyo, kabla ya kupewa makoloni ayatawale, bwana huyu alitawala mji mmoja tu, tena kwa muda usiofika miaka mitatu. Katika muda huo alifanya mambo ambayo wataalamu wa serikali za mitaa wangali wanayachambua: aliipokonya kampuni za watu binafsi gesi na maji, akabomoa vitongoji vichafu vilivyokuwa katikati ya mji, na kufungua barabara pana mahali pake. Kenya ilipoyavunja mabaraza yake ya miji mnamo 2013 na kukabidhi kaunti kazi zake, maswali aliyokumbana nayo Chamberlain hayakuvunjwa pamoja nayo. Ni nani mwenye maji? Ni nani anayelipa? Na anayebomolewa nyumba aende wapi?

Joseph Chamberlain alizaliwa Julai 8, 1836, huko Camberwell, London. Baba yake, ambaye pia aliitwa Joseph, alikuwa na biashara ya kutengeneza viatu, biashara ya familia iliyorithishwa kizazi hadi kizazi. Walikuwa Wayunitari, dhehebu la Kikristo lililojitenga na Kanisa la Uingereza. Wakati huo vyuo vikuu vya kale vya Oxford na Cambridge viliwawekea watu wa madhehebu ya namna hiyo vizuizi vikubwa, na kwa hivyo kijana Joseph, licha ya kuwa mwanafunzi hodari, hakwenda huko. Alipofika miaka 16 aliacha shule na kuingia katika biashara ya babake ajifunze kazi.

Mnamo 1854, akiwa na umri wa miaka 18, alitumwa Birmingham. Shemeji ya babake, John Sutton Nettlefold, alikuwa amenunua haki ya kutumia mashine za Kimarekani za kutengeneza skrubu zenye ncha kali, zilizoweza kuingia mbaoni bila kutobolewa tundu kwanza. Mtaji ulikuwa mkubwa, babake Joseph akachangia, na mwanawe akapelekwa kuulinda mchango huo. Kijana hakuenda kukaa tu. Alishika hesabu na mauzo, akatafuta wateja nje ya nchi, akawanunua ama kuwabana washindani, hata ikafika wakati ambapo kampuni ya Nettlefold na Chamberlain ilitengeneza takriban theluthi mbili za skrubu zote zilizotengenezwa Uingereza. Alipojiondoa katika biashara mnamo 1874 alikuwa na umri wa miaka 38, na mali yake ilikadiriwa kuwa pauni 120,000, fedha nyingi mno kwa nyakati zile.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Kwa mujibu wa hesabu ya watu ya 1871, Birmingham ilikuwa na wakazi wapatao 340,000. Ulikuwa mji wa viwanda vidogo vidogo vya shaba, chuma, bunduki, vifungo na vito. Mafundi wake walisifika duniani kote lakini makao yao yalikuwa ya kusikitisha. Maelfu kwa maelfu waliishi katika nyumba zilizojengwa zikipeana migongo, nyumba moja ikitazama barabara na nyingine ikitazama ua wa ndani, zikitenganishwa na ukuta mmoja tu. Nyumba ya namna hiyo haikuwa na dirisha wala mlango upande wa nyuma, kwa hivyo hewa haikupita. Katika ua huo mmoja, familia kadhaa zilichangia vyoo vya shimo, jaa la taka, na mahali pa kufulia nguo.

Maji ndiyo yaliyokuwa balaa kubwa zaidi. Takriban nusu ya wakazi walitegemea visima, na visima vingi vilikuwa vimeingiliwa na majitaka kutoka vyoo vilivyochimbwa hatua chache tu kando yake. Maji ya mfereji yalikuwa ya kampuni ya binafsi, nayo iliyafungulia siku tatu tu kwa wiki. Siku zilizobaki, mwenye kisima alirudi kisimani, na asiyekuwa nacho alinunua kutoka kwa mikokoteni. Msomaji anayeishi katika mitaa yetu ambako mkokoteni wa mitungi hupita kila asubuhi hana haja ya kuelezwa zaidi.

Na baraza la mji lilikuwa likifanya nini? Kwa miaka mingi lilikuwa mikononi mwa kundi la madiwani waliojulikana kama wabana matumizi. Wengi wao walikuwa wenye maduka na wenye nyumba za kupanga, na baadhi yao walipendelea kujadili mambo ya mji kwenye baa moja kabla ya kwenda kuyapitisha ukumbini. Kiapo chao kilikuwa kimoja: kodi ya majengo isipande hata senti moja. Si kwamba walikuwa wezi. Walikuwa watu waangalifu walioona mji kama duka, na duka linaloendeshwa vizuri kwao ni lile lisilotumia pesa. Mifereji haikuchimbwa, barabara hazikuwekwa mawe, na vifo vikaendelea kuhesabiwa kama kwamba ni mvua, jambo lisilo na mwenyewe.

Fikra tofauti zilianzia makanisani. Wahubiri kama vile George Dawson na R. W. Dale, ambao hawakuwa wa Kanisa rasmi, walifundisha waumini wao kwamba kuutumikia mji ni ibada, na kwamba tajiri anayejifungia katika jumba lake la kifahari huku jirani akinywa maji ya choo hajamtumikia Mungu. Mafundisho hayo yaliwagusa watu wenye uwezo, familia za viwanda na benki, ambao awali waliona aibu kuketi baraza moja na wenye maduka ya rejareja. Chamberlain alikuwa mmoja wao. Aliingia uwanjani kwanza kupitia vita vya elimu, akiwa miongoni mwa waanzilishi wa muungano uliodai mnamo 1869 kwamba kila mtoto apate elimu ya bure isiyofungamana na dini. Novemba mwaka huo huo, wakazi wa wadi ya St Paul's walimchagua diwani.

Nyumbani kwake kulikuwa na majonzi. Mkewe wa kwanza, Harriet Kenrick, waliyeoana naye 1861, alifariki mnamo Oktoba 1863, siku chache baada ya kumzaa mtoto wao wa pili, Austen. Mnamo 1868 alimwoa Florence Kenrick, binamu ya marehemu, akamzalia watoto wanne, wa kwanza wao akiwa Neville. Waliomfahamu waligundua kwamba msiba wa kwanza ulimfanya mgumu, mtu wa kujitupa kazini ili asikumbuke.

Mnamo Novemba 1873 kikosi chake kilishinda viti vingi, na madiwani wakamchagua meya. Kwa desturi ya Uingereza meya alihudumu mwaka mmoja na cheo chenyewe kilikuwa cha heshima zaidi kuliko mamlaka: kuvaa mkufu wa dhahabu, kuongoza mikutano, kukaribisha wageni. Chamberlain alikichukua cheo hicho akakifanya usukani.

Alianza na gesi. Wakati huo gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe ndiyo iliyowasha taa za barabarani, za viwandani na za majumbani. Birmingham ilikuwa na kampuni mbili za gesi, kila moja ikichimba barabara zile zile kulaza mabomba yake, na faida yote ikiishia mifukoni mwa wenye hisa. Meya mpya alipendekeza baraza linunue kampuni zote mbili. Bei ilikaribia pauni milioni mbili, na hakuna diwani aliyewahi kupitisha mkopo wa kiasi hicho. Chamberlain aliwaeleza kwa lugha ya mfanyabiashara: mji una sifa ya kulipa madeni, kwa hivyo utakopeshwa kwa riba ndogo, gesi ina wateja wa hakika, tofauti ya riba na mapato itakuwa mali ya wananchi. Bunge lilitoa idhini mnamo 1875, na katika mwaka wa kwanza peke yake idara ya gesi ya baraza ilipata faida ya pauni 34,000.

Faida hiyo ilipunguza mzigo wa kodi. Miaka michache baadaye ilitumika pia kwa njia ya ujanja kidogo. Sheria iliweka kikomo juu ya fedha za kodi ambazo baraza lingeweza kutumia kwa maktaba na makavazi. Kamati ya gesi basi ikajenga ofisi zake, na juu ya ofisi hizo ikaweka makavazi na jumba la sanaa la Birmingham, lililofunguliwa 1885.

Kwenye maji, msimamo wake ulikuwa tofauti, na hapa ndipo mtu huona kwamba hakuwa mfanyabiashara tu. Baraza lilichukua kampuni ya maji mnamo Januari 1876 kwa pauni 1,350,000, na wenye hisa hawakufurahi. Mbele ya kamati ya Bunge, Chamberlain alishikilia kwamba gesi inaweza kuleta faida lakini maji hayafai kuleta hata senti ya faida. Kila ziada irudi kwa mnywaji kwa kushushwa bei au kupanuliwa mabomba, kwa kuwa faida ya maji ni afya, na afya ya mtu mmoja hailindwi ikiwa ya jirani yake imeachwa. Visima vichafu vikaanza kufungwa. Mnamo 1892 mji huo ulipata sheria ya kujenga mabwawa katika bonde la Elan, huko Wales, na kuyaleta maji Birmingham kwa mfereji wenye urefu wa kilomita zipatazo 118. Mfalme Edward VII aliufungua mradi huo 1904.

Katikati ya shughuli hizo msiba ulirudi. Februari 1875, Florence alifariki baada ya kujifungua, na kitoto naye hakuishi. Chamberlain alibaki na watoto sita wasiokuwa na mama. Alijitenga na watu kwa muda, na marafiki zake walidhani ameachana na siasa kabisa. Aliporejea, alikuja na mradi mkubwa kuliko yote.

Mwaka huo wa 1875, Waziri wa Mambo ya Ndani, Richard Cross, alipitisha sheria iliyoruhusu mabaraza ya miji kununua kwa lazima maeneo yote ya nyumba zisizofaa kuishiwa na binadamu. Cross alikuwa wa chama pinzani, lakini alikuwa ameomba maoni ya meya wa Birmingham alipokuwa akiiandaa sheria hiyo. Wino haukuwa umekauka vizuri Chamberlain alipowasilisha mpango wake Julai. Eneo la ekari 50 hivi katikati ya mji, likiwemo kata mbovu la St Mary's, lingenunuliwa, nyumba zibomolewe, na barabara kuu yenye upana wa kutosha hewa na magari ipasuliwe katikati yake.

Diwani William White, aliyekabidhiwa kamati ya mradi huo, alizunguka nyumba kwa nyumba kisha akalieleza baraza aliyoyaona: kuta zilizolowa, sakafu zilizooza, paa zinazovuja na ua ambazo jua halikuzifikia. Takwimu za daktari wa mji zilionyesha kuwa katika kata hilo watu walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya kile cha Edgbaston, mtaa wenye miti na bustani walimoishi matajiri, Chamberlain mwenyewe akiwamo. Ni mji mmoja, mvua moja, na mwendo wa miguu usiozidi saa moja kati ya mtaa na mtaa.

Wenye nyumba walipinga vikali. Walidai fidia kana kwamba vibanda vyao vilikuwa majumba. Chamberlain hakuwahurumia. Hoja yake ilikuwa kwamba anayekusanya kodi ya pango kutokana na nyumba inayoua wapangaji hastahili kulipwa zaidi kwa sababu tu nyumba yake imejaa watu, na kwamba haki ya mwenye mali ina mpaka, na mpaka huo ni uhai wa jamii. Kauli za namna hiyo, kutoka kwa tajiri, ziliwatia hofu matajiri wenzake. Serikali kuu ilituma mkaguzi, mabishano yakawa mengi, lakini hatimaye idhini ikatolewa. Ili kuanzisha ununuzi kabla ya walanguzi kupandisha bei za viwanja, wenyeji wenye uwezo walitoa fedha za awali, na Chamberlain alichanga pauni 10,000 kutoka mfukoni mwake.

Ubomoaji wa barabara hiyo, iliyopewa jina Corporation Street, ulianza 1878. Baraza halikuuza viwanja vilivyopatikana. Liliwakodisha wafanyabiashara kwa miaka 75, kwa masharti kwamba wajenge majengo ya hadhi na kwamba muda ukiisha, ardhi pamoja na vilivyomo virudi kwa mji. Mradi uligharimu takriban pauni 300,000 juu ya mapato yake. Katika eneo hilo, vifo vilipungua kutoka watu 53 kwa kila 1,000 kati ya 1873 na 1875, hadi watu 21 kwa kila 1,000 kati ya 1879 na 1881.

Takwimu hizo zilitangazwa kwa fahari na zimerudiwa katika vitabu hadi leo. Lakini lazima zisomwe kwa jicho pevu. Waliokuwa wakifa kwa wingi mwaka wa 1875 hawakuwa wakiishi hapo mwaka wa 1881. Mtaa uliacha kuua kwa sehemu kubwa kwa sababu wakazi wake maskini walikuwa wameondolewa, na mahali pao pakajengwa maduka, ofisi, na baadaye jumba la mahakama ambalo Malkia Victoria aliliwekea jiwe la msingi mnamo 1887. Sheria ya 1875 ilikusudia makao bora kwa mafundi na vibarua. Kamati ilipopiga hesabu, iliona kwamba kujenga nyumba za kuwahamishia kungegharimu mno. Baraza lilijenga nyumba chache mno, tena mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuendelea. Maelfu ya wengine walijitafutia. Wenye kazi ya kudumu walisogea viungani. Vibarua wa kutwa, ambao walilazimika kuishi karibu na mahali pa kazi kwa kukosa nauli, walijibanza katika vitongoji jirani, wakaongeza msongamano kule kule.

Si haki kusema kwamba baraza halikujali hata kidogo. Kanuni za ujenzi zilizotungwa 1876 zilizuia nyumba mpya za kupeana migongo. Hata hivyo, zilizokuwapo ziliachwa. Uchunguzi uliofanywa mjini humo karibu na kuanza kwa Vita Vikuu vya Kwanza ulibaini kwamba zaidi ya nyumba 43,000 za namna hiyo zilikuwa zingali na watu, nazo ziliwahifadhi wakazi wapatao 200,000. Ua mmoja wa mwisho wa nyumba hizo umehifadhiwa na umekuwa makavazi tangu 2004, watalii wakilipa kiingilio kuona vyumba ambavyo zamani watu walilipa pango kwa taabu.

Chamberlain hakuwapo kushughulikia hayo. Juni 1876 alichaguliwa Mbunge akaacha umeya. Kwa furaha aliyokuwa nayo alimwandikia rafiki yake kwamba kwa msaada wa Mungu mji hautajitambua. Kule London alipanda haraka: Waziri wa Biashara 1880, kisha mkuu wa idara ya serikali za mitaa kwa miezi michache 1886, kabla ya kukorofishana na kiongozi wake, Gladstone, kuhusu kuipa Ireland bunge lake. Alikigawanya chama cha Liberal, akaishia kushirikiana na wale wale wahafidhina aliokuwa akiwashambulia. Mnamo 1888 alioa mke wa tatu, Mmarekani Mary Endicott. Siasa zake za miaka hiyo zimejaza vitabu vizima na hazituhusu sana hapa.

Linalotuhusu ni kwamba mnamo 1895, alipopewa nafasi ya kuchagua wizara, alitaka ile ya Makoloni, ambayo wanasiasa wengi waliidharau. Aliyatazama makoloni kama alivyoitazama Birmingham: mali iliyopuuzwa ambayo ingeleta faida ikijengewa reli, bandari na mabomba. Aliunga mkono kuanzishwa kwa shule za tiba ya magonjwa ya nchi za joto huko London na Liverpool, na bila shaka shule hizo zimeokoa maisha. Lakini kuna jambo moja lililokuwa Birmingham na halikuwa Afrika. Kule, mwenye nyumba aliyebomolewa angeweza kwenda mbele ya mkaguzi, kupinga, kuandika magazetini na kupiga kura Novemba. Hata mpangaji alikuwa na mahubiri ya akina Dawson upande wake.

Angalau Nairobi yenyewe yaweza kushuhudia. Mwaka ule ule wa 1902 ambapo Chamberlain alipita kwenye reli, tauni ilikuwa imezuka katika soko la Wahindi la mji huo mchanga, na maafisa wakaliteketeza soko zima kwa moto. (Himaya ya Afrika Mashariki wakati huo ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, si yake, hadi 1905, hakuitoa amri hiyo yeye.) Mnamo 1913, mtaalamu wa afya Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza hali ya usafi, na katika ripoti yake akapendekeza mji ugawanywe kwa misingi ya rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Lugha ilikuwa ile ile ya afya ya umma iliyotumika kata la St Mary's. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waafrika waliobomolewa vijiji vyao mjini walielekezwa Pumwani, bila kuwa na diwani hata mmoja wa kumsimamisha. Nairobi ilingoja hadi 1962 kupata meya wa kwanza Mwafrika, Charles Rubia.

Mwaka wa 1903 Chamberlain alijiuzulu uwaziri ili apiganie kodi za kulinda bidhaa za himaya. Vita hivyo hakuvishinda. Julai 1906 Birmingham ilisherehekea kutimia kwake miaka 70. Watu walijaa mabarabarani na katika bustani ambazo baraza lake lilikuwa limezifungua, na msafara wake ukazunguka mji. Siku chache baadaye alipatwa na kiharusi huko London. Upande wake wa kulia ulipooza, na ulimi uliokuwa ukiogopwa Bungeni ukawa mzito. Aliishi hivyo miaka minane, akisukumwa kwenye kiti na mkewe Mary, huku Birmingham ikizidi kumchagua Mbunge asiyeweza kusema.

Alifariki Julai 2, 1914, mwezi mmoja kabla ya vita. Familia ilipewa nafasi ya kumzika Westminster Abbey, kando ya wakuu wa taifa, ikakataa. Alizikwa katika makaburi ya Key Hill, Birmingham, karibu na viwanda vya mafundi wa vito.

Wanawe walifuata njia yake kila mmoja kwa namna yake. Austen alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje na kutuzwa Nobel ya Amani ya 1925. Neville, ambaye dunia inamjua kwa makubaliano ya Munich ya 1938 na Hitler, alikuwa kwanza diwani wa Birmingham na mwenyekiti wa kamati ya mipango ya mji, iliyotayarisha mojawapo ya ramani za kwanza Uingereza za kutenga mapema maeneo ya makazi, viwanda na bustani. Akawa Meya Mkuu mnamo 1915. Katika kamati hizo alikuta faili za vitongoji ambavyo babake aliviruka.

Nazo hati za ukodishaji za Corporation Street zilianza kuisha miaka ya 1950, na viwanja vikarudi mikononi mwa baraza, kimoja baada ya kingine, kama ilivyoandikwa.